Miguu ya kupunga upepo anayo, mikono ya ndoo hana

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, nyumba ya ukweni. Kazi yangu ni upishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitima. Kuanzia hapa mjini mpaka Muheza wananijua kwa pilau. Nilianza kukaa jikoni na marehemu mama yangu nikiwa na miaka kumi na tano, na ukiniuliza, kitako changu kimezoea mbuzi ya kukunia nazi kuliko kiti.

Mwaka jana nilianza kuumwa, na wala haikuwa mgongo hasa, ilikuwa mguu. Moto unaanzia takoni, unashuka pajani, unapita kando ya goti mpaka kidole gumba. Nikikohoa naona nyota. Nilichuliwa, nikaumikwa, nikanywa mizizi, nikachomwa sindano sijui ngapi. Mwisho nikapelekwa Dar, nikapigwa picha ya MRI, nikaambiwa diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetoka na imelalia mshipa wa fahamu. Nilimeza dawa kwa miezi, mguu ukaanza kukosa nguvu, nikapasuliwa. Leo niko wiki ya tisa.

Nilipozinduka siku ile, moto wa mguu ulikuwa umeondoka. Nililia, Shangazi, muuguzi akadhani naumia. Lakini sasa kiuno chenyewe kinauma, hasa jioni, na kidole gumba na juu ya unyayo pana ganzi kama si pangu. Jirani kaniambia mgongo ukishaguswa na kisu ndiyo basi tena.

Daktari aliniambia nitembee kila siku, nisiiname, nisibebe vitu vizito. Kwa hiyo jioni natembea taratibu mpaka bustani ya Jamhuri, naangalia bahari kidogo, narudi. Bomba letu liko uani na tunajaza mapipa mawili, na tangu nilale kazi hiyo anaifanya mavyaa na binti yangu wa kidato cha pili. Juzi narudi kutoka matembezini nikamkuta mavyaa kakaa barazani na wenzake. Akasema, si kwangu, akawa anasema na ukuta: "Miguu ya kwenda kupunga upepo baharini anayo, mikono ya kubeba ndoo hana. Operesheni gani hiyo yenye kuchagua!" Wakacheka wote. Mimi nikapita na salamu zangu, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Baba watoto ni fundi baiskeli, mtu mpole, anasema "mimi niko katikati". Usiku analala ukingoni mwa kitanda kama mgeni, anaogopa kunigusa. Mimi naogopa kumwambia asiogope, kwa sababu sijui kama inafaa au haifai.

Mavyaa anataka aletwe mkandaji kutoka Pangani ambaye wanasema anampanda mtu mgongoni na pingili zinarudi zenyewe.

Kuna na jambo sijamwambia mtu. Wiki ya sita watoto walitamani wali wa nazi, nyumba haina mtu, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mbili. Ya pili haijaisha nikasikia kitu kiunoni kama kamba imekatika. Nililala siku tatu nikadanganya nina homa. Moto wa mguuni haukurudi, ila tangu siku hiyo nina hofu kwamba nimeiharibu operesheni.

La mwisho. Baada ya wiki tano kuna harusi Pongwe, watu 300. Arubuni ya laki mbili nilishaipokea kabla ya kupasuliwa na imekwisha kwenye nauli na dawa. Nipike? Nirudishe, nirudishe nini? Nishauri Shangazi, kichwa kimejaa.

Mpishi, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili na miwani.

Nianze na lile neno la barazani, maana naona ndilo lililokukalisha uandike. Mavyaa wako kauliza ni operesheni gani yenye kuchagua. Alitaka kukuchoma, lakini kwa bahati mbaya yake kasema kweli tupu. Inachagua. Mtu aliyetolewa kipande cha diski anaweza kutembea kutoka Ngamiani mpaka baharini na kurudi, na siku hiyo hiyo asiweze kuinua ndoo, na hakuna uongo hata chembe. Miaka yangu ya wodi ya upasuaji, kabla sijastaafu uuguzi, nimewaona wengi wakisutwa kwa hilo hilo.

Mwaka 1999, Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya mtu mmoja aliyekubali kuwekewa kifaa ndani ya diski yake hai, tena diski hiyo hiyo yako, ya kati ya pingili ya nne na ya tano. Wakamwambia alale, akae, atembee, ainue mzigo, na kila mara wakasoma mkandamizo. Mtu ni mmoja, na mgongo wake ulikuwa mzima, kwa hiyo tusiifanye sheria. Lakini tuyabadili majibu yale yawe hesabu ya sokoni, mavyaa aelewe. Tuseme kusimama wima tu kunaitoza diski shilingi 100. Kulala ni shilingi 20. Kutembea ni shilingi 106 mpaka 130, yaani nyongeza ya karanga. Kukaa umejikunja mbele kabisa ni 166. Kuinua kilo 20 kutoka chini kwa kuinamisha mgongo ni shilingi 460. Ukikunja magoti na mgongo ukaunyoosha, mzigo ule ule unatoza 340.

Ndoo ya lita ishirini ikijaa ni kilo 20, bado ndoo yenyewe. Tena sisi wa pwani hatuishii kuiinua. Tunaing'oa chini, tunaizungusha, tunajitwika. Ikishakaa kichwani imetulia, hatari iko pale inapotoka chini na kiuno kimepinda upande. Kwa hiyo ukitembea unalipa mia na ushei. Ukiinua ndoo unalipa karibu mia tano, kwa mpigo mmoja, kwenye kidonda ambacho hakijakauka ndani. Huyo ndiye anayechagua.

Na mbuzi je? Hebu iangalie ilivyo. Kibao kiko shubiri moja na ushei kutoka ardhini. Umekipanda kama farasi, magoti yako juu kuliko nyonga, mgongo umekunjika kama upinde, mikono miwili inasukuma kifuu mbele, na kila msukumo kiuno kinajipinda kidogo. Angetumwa fundi achonge kifaa cha kuitoa diski ya kiuno nje, nadhani angerudi na mbuzi. Miaka ishirini na nane umekaa pale. Sisemi ndiyo iliyokuumiza, maana hata makarani wa ofisini diski zao zinatoka, na mengine ni maumbile ya ukoo. Lakini kwa wiki ya sita palikuwa mahali pabaya kuliko pote nyumbani kwako, kuliko hata bombani.

Sasa hofu yako. Diski ni kama embe lililoiva: ganda gumu nje, laini ndani. Ganda lilipasuka, nyama ikachungulia, ikaukandamiza mshipa. Daktari wa upasuaji hakuling'oa embe zima. Kaondoa kile kipande kilichochungulia, na tundu la kwenye ganda kaliachia mwili ulizibe wenyewe kwa kovu. Ngozi yako ilishika kwa wiki mbili, nyama za mgongo kwa wiki kama sita. Kovu la diski linachukua miezi, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuheshimu. Katika kila watu 100 waliofanyiwa operesheni kama yako, wanaorudiwa na diski kuchungulia pale pale hutajwa kuwa kati ya 5 na 15. Yakikurudia, jirani yako atajua siku hiyo hiyo, maana utapiga kelele: ni moto wa mguu ule ule, njia ile ile, kutoka takoni mpaka kidoleni.

Wewe moto huo haukurudi. Kiuno kilikaza siku tatu, kikaachia. Kwa uzoefu wangu hiyo ni misuli iliyoshtuka ikajifunga. Misuli ya kando ya mkato imelala miezi, dhaifu kama ya mtoto, halafu ghafla inapewa nazi mbili. Siwezi kuapa nikiwa hapa kitini. Mimi si daktari wako na mgongo wako sijaushika. Kwa hiyo kliniki ijayo umwambie daktari, kwa mdomo wako, neno la mbuzi na yote. Usimwambie ulikuwa na homa. Madaktari wanatibu wanachoambiwa, na ukimpa homa ya uongo atakupa dawa ya malaria.

Ganzi ya kidole ni hesabu nyingine. Kwa kawaida maumivu ndiyo hutangulia kuondoka, nguvu ya mguu ikafuata, ganzi ikawa ya mwisho kufunga mlango. Uzi wa mshipa wa fahamu uliojeruhiwa huota kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni kwako mpaka kidole gumba hapapungui sana mita moja. Bahati nzuri si kila mshipa uliobanwa unalazimika kuota njia nzima upya, mwingi ulizimia tu na unaamka taratibu. Jipe mwaka kabla ya kuuhukumu. Wengine hubaki na kipande kidogo cha ganzi maisha yao yote na wanacheza ngoma vizuri tu. Lakini unyayo wenye ganzi haujui moto, kwa hiyo usiuweke kwenye beseni la maji ya kukandia kabla hujayapima kwa kiwiko cha mkono. Nimeuguza vidonda vya maji moto kwa watu waliokuwa wamepona mgongo.

Hapo nimeshamfikia mkandaji wa Pangani. Mtu asikupande mgongoni. Asikuvute miguu, asikukunje, asikurudishe pingili yoyote, maana hakuna pingili iliyohama. Kilichotoka ni kipande cha diski, nacho kiliachwa Dar. Mavyaa akitaka kukupaka mafuta ya nazi mabegani na mapajani kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, mbali na kovu, mwache, na umshukuru kwa sauti. Mtu anayetaka kukutafutia mkandaji mpaka Pangani hakuchukii. Na kuumikwa karibu na mkato, la.

Unachohitaji ni mtu wa mazoezi tiba. Nenda hospitali ya Bombo na makaratasi yako ya operesheni uulizie fiziotherapia. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba waliopasuliwa diski, wakianza programu ya mazoezi wiki ya nne mpaka ya sita, maumivu na ulemavu hupungua haraka kuliko wasiopewa kitu, na hapakuonekana dalili kwamba mazoezi yanawarudisha wengi kisuni. Ushahidi wenyewe si mzito sana, lakini hauelekei kule jirani yako anakoelekea. Wewe uko wiki ya tisa, umechelewa kidogo tu.

Kutembea usiache. Ila hujaniambia unatembeaje siku nzuri na siku mbaya, na hapo ndipo wapishi mnapoanguka. Najua tabia yenu. Siku mgongo umetulia utafua, utafagia uwanja kwa lile fagio fupi, utapanga kabati, kesho yake unalala kutwa na kusema operesheni imeharibika. Fanya kinyume: kila siku kiasi kile kile, uzuri wa siku usikudanganye. Kipimo chako ni asubuhi inayofuata. Kiuno kikiuma jioni, ukalala, ukaamka kiko kama jana, ulichofanya kilikufaa. Ukiamka kimezidi, kesho punguza nusu. Nusu, usikate yote. Kuuma hakumaanishi kunaharibika. Misuli iliyolala ikiamshwa lazima inung'unike.

Mengine nayapitia haraka, maana naona ulishafundishwa. Kitandani unainuka kwa kugeuka ubavu mzima kama gogo, miguu ishuke chini, mkono ukusukume, usiamke kwa kukaa wima kama uliyeota jinamizi. Kwa choo cha kuchuchumaa tafuta fundi akutobolee kiti cha plastiki, na papai na maji kwa wingi, maana dawa za maumivu zinafunga choo, na kujikamua kunaumiza mgongo. Diklofenaki ya kununua dukani kila wiki kwa kujipangia mwenyewe inachoma tumbo na kuchosha figo, uliza kwanza. Ukienda kliniki Dar usikae siti za nyuma za basi, zinarusha, na kila gari likisimama, Segera, Chalinze, popote, shuka unyooke. Bodaboda bado. Kuhusu sala umenyamaza, lakini nikijua baraza zetu, yupo aliyekwishasema kitu: mgonjwa anasali amekaa kitini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza sahaba mgonjwa, Imran bin Husayn, asimame, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu.

Hapa nisome polepole. Yapo mambo ambayo ukiyaona hutasubiri kliniki wala kukuche, utakwenda Bombo saa ile ile, hata kama ni usiku na mvua. Ganzi sehemu ile inayokaa kwenye tandiko la baiskeli, mumeo fundi ataijua vizuri. Mkojo kugoma kutoka, au kutoka bila habari, na haja kubwa vile vile. Mguu kuishiwa nguvu, kandambili ikakuvuka njiani bila wewe kujua. Homa pamoja na kovu kuvimba au kutoa usaha. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika. Bandika karatasi ya hayo mlangoni kwa ndani, binti yako aisome naye.

Chumbani. Mwanangu, huyo bwana kulala ukingoni mwa kitanda ni adabu, usije ukaidhania baridi. Yeye anashinda na vyuma, anajua kilichofungwa jana hakipigwi nyundo leo. Lakini kuanzia wiki ya nne au ya sita, kama daktari hajakukataza kwa jambo maalumu na maumivu yametulia, unyumba hauna dhambi kwa mgongo. Wewe uwe umelala, chali na mto chini ya magoti au ubavu, kazi iwe yake, haraka isiwepo. Ukisikia moto mguuni mnaacha, mnacheka, mnalala. Umwambie wewe. Ukisubiri aulize mtafika Ramadhani mbili.

Sasa nirudi kwa mavyaa, maana nina neno lake na wewe hutalipenda. Umeandika kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mapipa mawili anayajaza yeye na binti. Hukuniambia ana miaka mingapi. Ikiwa wewe una 43 na umeolewa na mwanawe, mimi namweka kwenye 65 kwenda mbele, rika langu. Kwa wiki tisa mwanamke wa umri huo anainua zile shilingi 460 kila siku, kiuno chake hakijapigwa MRI yoyote, na kila jioni anamwona mkwe wake anajifunga mtandio anakwenda baharini. Maneno yake yalikuwa mabaya. Kukusuta mbele ya watu ni kukosa haya, na ningekuwepo barazani ningemwambia. Lakini kilio kile ni cha maji.

Kwa hiyo maji yapatiwe dawa kwanza, maneno yatafuata. Baba watoto atoke huko "katikati" kwake. Anunue mpira ufike kutoka bombani mpaka kwenye mapipa, akishindwa leo amlipe kijana wa mkokoteni siku za kujaza. Hiyo ni kazi ya mume, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kusema na mama yake bila kufungua mdomo. Wewe nunua madumu ya lita tano. Dumu moja ni kilo 5. Muulize mtu wa mazoezi kama umefika hapo, na akikuruhusu, bebea moja kila mkono, mikono karibu na mwili, ukichota kutoka kwenye kitu kilicho juu, si chini. Zitakuwa safari nyingi na maji machache, lakini mavyaa atakuona umebeba. Hata kabla hujaruhusiwa, safari ijayo ya kliniki mwombe akusindikize aingie nawe kwa daktari. Mama watu wa rika letu tukimsikia daktari kwa masikio yetu tunageuka watangazaji, mtaa mzima utafundishwa.

Na usipite na salamu ukafunga mlango. Jioni moja kaa naye, kwenye kiti, umwambie, "Mama, najua umebeba maji yangu wiki tisa." Usiongeze la ndoo, la Ulm wala la barazani. Subiri uone atakujibu nini.

Harusi. Arubuni usirudishe, na usipike kama ulivyokuwa unapika. Siku hiyo utakuwa wiki ya kumi na nne, mgongo unaruhusu kusimama na kutembea, hauruhusu masufuria ya watu 300. Nenda kwa wenye shughuli wiki hii, si wiki ya mwisho, uwaambie kweli: nimepasuliwa, mkono wangu utakuwepo, mgongo wangu hautakuwepo. Watafute wapishi wawili unaowaamini na vijana wanne wa kubeba, walipwe kutokana na kile kilichobaki. Faida itakuwa ndogo, pengine hakuna, lakini jina lako Pongwe litabaki. Wakikataa, kubalianeni urudishe laki mbili kidogo kidogo, na mmoja wa wale wapishi achukue kazi kwa jina lako.

Wakikubali, basi siku mbili kabla nazi zote ziende mashine ya sokoni, wewe usiione mbuzi hata kwa mbali. Meko yainuliwe juu ya matofali mtu asiiname. Mchele waoshe wengine, sufuria ishikwe na watu wawili, kila upande mmoja, na kila wanaponyanyua wewe uwe umeangalia kwingine usije ukashawishika. Tafuta kiti chenye mgongo, kikae upande usiopelekewa moshi. Kila nusu saa inuka, zunguka meko, keti tena. Mwiko wape wao. Wewe uletewe mchuzi kwenye kijiko, uonje, useme chumvi bado.